DAWA YA JINO NI KUNG'OA? NANI KAWADANGANYA?

Wadau, kuna msemo mmoja mjini naona umefika umri wa kustaafu. Kila staa akimwagana na mpenzi wake, kesho yake asubuhi anaposti picha kavaa miwani nyeusi, chini kaandika: "Dawa ya jino bovu ni kung'oa." Wafuasi wanajaa na makopakopa yao: umeongea malkia, mwache aende, tuko na wewe. Sawa. Kwenye mapenzi ng'oaneni mnavyotaka, huko hakuna daktari.

Tatizo ni kwamba watu wameuchukua msemo huo wakaurudisha kinywani kama ulivyo. Jino likiuma, ng'oa. Halijulikani ni lipi? Ng'oa lililo karibu. Limetoka na bado panauma? Basi lilikuwa la jirani yake, ng'oa na hilo. Ukimuuliza mtu kwa nini jino lake lilitolewa, anakujibu "si lilikuwa linauma". Hilo si jibu, aisee. Kuuma ni dalili. Nimekuuliza sababu.

Sasa niseme bila kupepesa macho: jino linalouma bila sababu kujulikana haling'olewi, linachunguzwa. Na kama aliyelichunguza hakuona kitu, au amekupa jibu ambalo mwenyewe hawezi kulieleza, unanyanyuka unaenda kwa daktari wa pili. Si kiburi, si dharau, wala si uzungu.

MASTAA WANA MADAKTARI WATATU, SISI TUNA KARAFUU

Mnamjua yule dada. Simtaji jina, na msianze kukisia huko chini, manake si mmoja. Wako wengi, na wote meno yao meupe kuliko sahani za harusini.

Dada wa aina hiyo akitaka kubadilisha tabasamu, anaenda kliniki ya kwanza hapo Dar, anasikiliza, haridhiki. Anaenda ya pili. Anapanda ndege, ya tatu inakuwa Dubai au Uturuki. Kote huko anapigwa picha, anapimwa, anaonyeshwa kwenye kompyuta atakavyoonekana akitoka. Madaktari watatu, nchi mbili, kwa meno ambayo hayakuwa yanauma! Meno mazima kabisa yanasagwa yavalishwe mengine juu, na kuna wanaoanza kuumwa meno baada ya hapo.

Simlaumu kwa kuuliza madaktari watatu. Hapo ndo alipofanya la maana. Ninayemshangaa ni yeye huyohuyo, mfuasi wake anapomwandikia: "Dada, nina jino linaniua wiki ya tatu, hospitali wamesema hawaoni kitu, nifanyeje?" Anajibu kwa video ya nusu dakika: tafuna karafuu, sukutua na maji ya chumvi, ikizidi kang'oe tu mpenzi wangu.

Yaani kwa urembo wake madaktari watatu, kwa maumivu ya mwenzake karafuu.

Na karafuu yenyewe tuiheshimu, Unguja na Pemba hawakuilima kwa mapambo. Mafuta yake yana kitu kinaitwa eujenoli, kinatia ganzi kweli, na madaktari wa meno wamekitumia miaka mingi kwenye dawa za kuziba meno kwa muda. Lakini ganzi inanyamazisha jino, haikwambii lilikuwa linalalamikia nini.

HUKU NDUGUTI

Kwa wale mnaodhani Tanzania inaishia Kibaha: Nduguti ni makao makuu ya Wilaya ya Mkalama, mkoa wa Singida. Wilaya yenyewe changa, ilimegwa kutoka Iramba mwaka 2012. Tunalima alizeti, vitunguu na mtama. Na kama umewahi kupita Singida unajua habari ya upepo wake.

Huo upepo ndo unaniletea habari ya mama mmoja muuza vitunguu. Simtaji na yeye, hajaomba umaarufu. Alianza kuumwa upande wa kushoto, taya la chini. Maumivu ya ajabu: yanapiga kama shoti ya umeme, sekunde chache, yanaondoka. Akinawa uso, yanapiga. Akipiga mswaki, yanapiga. Upepo ukimpuliza shavuni akiwa kwenye meza yake ya vitunguu, yanapiga mpaka machozi.

Alienda sehemu ya kwanza, ambayo sitaitaja. Wakatazama, wakasema ni gego. Likatoka. Wiki mbili baadaye shoti ziko palepale. Akarudi, likatoka la pili. Akarudi tena, la tatu. Hakupigwa picha hata moja ya eksirei, na hakuna aliyemuuliza maumivu yanadumu dakika ngapi wala yanaanzishwa na nini. Aliniambia maneno ambayo mpaka leo hayanitoki: "Mwanangu, jino limehama, maumivu yamebaki na nyumba."

Binti yake ndiye aliyemshika mkono akampeleka kwa daktari mwingine, mbali na hapa. Huyo wa pili hakushika koleo kwanza. Alivuta kiti akauliza maswali. Akagonga meno yaliyobaki moja moja, akagusa shavu, akapiga picha. Mwisho akasema: "Mama, haya meno hayana kesi." Tatizo lilikuwa kwenye neva ya uso, akaandikiwa dawa za neva. Shoti zikaanza kupungua.

Magego matatu hayakurudi. Binadamu kapewa seti mbili tu, meno 20 ya utotoni na 32 ya ukubwani, hakuna seti ya tatu. Leo mama anatafuna nyama upande mmoja, kwa ugonjwa ambao haukuwahi kuwa wa meno.

Sasa niambieni, huyo mama angemuuliza daktari wa pili kabla ya gego la kwanza, angekuwa amemdharau nani?

JINO HUWA LINADANGANYA

Kuna kitu watu hawaambiwi. Maumivu ya jino ni shahidi muongo.

Hisia za uso mzima upande mmoja, taya la juu, taya la chini, shavu, mpaka kwenye paji, zinabebwa na neva kubwa moja yenye matawi matatu. Ubongo ukipokea kelele kutoka kwenye tawi moja, wakati mwingine unashindwa kujua imetoka wapi. Ndo maana mtu anaapa kwamba linalomuuma ni la chini, kumbe lililooza ni la juu upande uleule. Ukimng'oa unapoelekezwa na kidole chake, umetoa lisilo na hatia na kuliacha lenye hatia.

Halafu kuna jino lenye ufa. Kwa macho zima, kwenye picha mara nyingi ufa hauonekani, lakini ukiuma kitu kigumu na hasa ukiachia, linachoma kama sindano. Huyo mgonjwa anaambiwa "huna kitu, unajisikia tu". Ana kitu. Anahitaji mtu wa kumpa kijiti aume, jino kwa jino, mpaka ufa ujitaje.

Kuna mafua yaliyoshuka kwenye vyumba vya hewa vilivyo juu ya magego ya taya la juu. Mizizi ya magego hayo iko jirani kabisa na vyumba hivyo. Vikivimba, yanauma meno matatu au manne kwa pamoja, na ukiinama kufunga kamba za viatu yanazidi. Ukiona meno manne yanauma siku moja na pua imeziba, usikubali yote manne yaondoke.

Kuna kusaga meno usingizini. Hii ni yetu vijana wa mjini: madeni ya simu, kazi haieleweki, mpenzi haeleweki, usiku mzima taya linasaga kama mashine ya unga. Asubuhi meno na mashavu yanauma, kichwa kizito, meno hayana tundu hata moja.

Kuna maumivu ya taya yanayotoka moyoni, na hapa simaanishi kuachwa. Mtu akipanda ngazi taya linabana, akipumzika linaachia, pengine na kifua kinabana na jasho linamtoka. Huyo hahitaji fundi wa meno. Anahitaji hospitali, sasa hivi.

Na kwetu Singida, kama ilivyo Arusha, Manyara na Kilimanjaro, kuna maeneo ambayo maji yake yana floraidi nyingi. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na kuna visima vinavyopita hapo. Mtoto akikulia kwenye maji hayo, meno yanatoka na madoa ya kahawia. Mjini mnawacheka, mnasema hawapigi mswaki. Acheni ushamba. Yale ni madoa yaliyoingia kwenye jino tangu linaumbika, siyo uozo, na ukahawia peke yake si sababu ya kung'oa. Mtu wa huku akienda na maumivu yasiyoeleweka, ni rahisi lawama zote kuangushiwa yale madoa na uchunguzi ukaishia hapo. Hiyo nayo ni sababu ya kutaka jicho la pili.

WATOTO NDO WANAOLIPA ZAIDI

Kama unadhani natia chumvi, turudi nyuma kidogo. Wazazi wenu wanakumbuka "meno ya plastiki". Habari hizo zilivuma Tanzania miaka ya 1980. Mtoto mchanga anaharisha, ana homa, anatokea mtu anafunua fizi, anaona kitu cheupe laini, anatangaza: ameota meno ya plastiki, yasipotolewa atakufa. Basi fizi ya mtoto wa miezi kadhaa inachimbwa kwa kitu chenye ncha, tena mara nyingi hakijachemshwa.

Kile cheupe kilikuwa nini? Chonge la utotoni, linalojiumba taratibu ndani ya fizi kama Mungu alivyopanga. Homa ilikuwa na sababu nyingine, na kuhara dawa yake ilikuwa maji ya ORS. Waliochimbwa wengine waliambukizwa, wengine walivuja damu sana, na wengine wamekua chonge zao za ukubwani zimeharibika au hazikutoka kabisa. Na si sisi tu, Uganda, Kenya, Sudan na Ethiopia nako yalikuwepo.

Angalieni lilivyo jambo lenyewe: maumivu hayaeleweki, mtu mmoja anatoa jibu kwa kujiamini, wote wanaogopa kumhoji, meno yanatoka. Miaka imepita na tabia ni ileile. Tofauti ni kwamba siku hizi kuna sindano ya ganzi.

Upande wa pili wa shilingi unatisha zaidi. Mwaka 1957, hospitali ya Mulago, Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt alionyeshwa mtoto aliyevimba mataya. Alianza kufuatilia, akagundua watoto wa aina hiyo ni wengi, na mwaka 1958 akaandika kuhusu saratani ambayo leo inabeba jina lake. Inawapata watoto wa ukanda wetu wenye malaria nyingi, na mara nyingi inaanzia kwenye taya. Meno yanalegea, shavu linavimba, mtu yeyote anaweza kudhani ni jipu la jino. Inakua kwa kasi ya kutisha, lakini pia ni saratani inayosikia dawa vizuri ikiwahiwa.

Ikiwahiwa! Mtoto wa miaka sita ambaye meno yake yanalegea kabla ya wakati na taya linavimba, ukimng'oa meno mawili ukamrudisha nyumbani na amoksilini, umemnyang'anya wiki alizokuwa anazihitaji. Hapo daktari wa pili ndiye anayeamua kama mtoto ataanza darasa la kwanza au la.

"UTAMUUDHI DAKTARI"

Najua mtakachosema. Nawajibu mmoja mmoja.

Wa kwanza anasema: kuomba maoni ya daktari mwingine ni kumvunjia heshima wa kwanza. Mwaka 1981, madaktari wenyewe, kupitia chama chao cha dunia, walikutana Lisbon, Ureno, wakatoa azimio la haki za mgonjwa. Azimio hilo liliporekebishwa mwaka 1995, walikubali ndani yake kwamba mgonjwa ana haki ya kuomba maoni ya daktari mwingine katika hatua yoyote. Waliosema hivyo ni madaktari, siyo wagonjwa wakorofi. Na daktari anayejiamini akisikia unataka mwenzake akuangalie, anakuandikia barua na kukupa picha zako. Anayekasirika amekupa jibu jingine bila kujua.

Tena niwatetee. Tabibu wa meno wa wilayani anakaa na foleni ndefu asubuhi mpaka jioni, pengine peke yake, pengine mashine ya picha imeharibika. Akikuambia "sijui bado, nenda ukapigwe picha kwanza", amekufanyia wema mkubwa. Lakini sisi tukisikia hivyo tunatoka tunatukana: hajui kazi huyo. Tunaenda kwa yule atakayeng'oa fasta. Tumewafundisha wenyewe kwamba mtaalamu ni yule mwenye koleo la haraka.

Wa pili anasema: hela iko wapi? Hili ni la kweli na silifanyii mzaha. Mtu wa Nduguti akiambiwa aende Singida mjini, au Haydom kule Mbulu, au Dodoma, hiyo ni nauli, ni chakula, pengine ni gesti, na ni siku za shamba au za gulio zimekufa. Lakini pigeni hesabu ya yule mama. Alilipa kung'oa mara tatu, alinunua vidonge duka la dawa kila wiki, halafu akalipa safari ileile aliyokuwa anaikwepa. Safari haikukwepeka, iliahirishwa tu, na alipoahirisha alilipa riba ya magego matatu. Penye bima, uliza kabla ya safari kinacholipiwa. Pasipo na bima, heri nauli ya mara moja kuliko koleo mara tatu.

Wa tatu, kijana wa mjini, anasema: mi nimeshauliza TikTok. Mdogo wangu, kuuliza mtandaoni uandaliwe maswali, sawa. Kumtumia daktari unayemfahamu picha kwa WhatsApp akuelekeze pa kuanzia, sawa. Lakini hakuna simu inayogonga jino, wala inayoweka kitu cha baridi juu ya gego kuona linavyojibu. Maoni ya pili ni ya mtu mwenye taaluma aliyekuangalia mdomoni. Maoni ya watu 400 chini ya video si maoni ya pili, ni ya kwanza yaliyorudiwa mara 400.

Na wa nne ni yule anayetembea kliniki tano akitafuta atakayemwambia anachotaka kusikia. Ameambiwa jino limeoza mpaka mzizini, kaonyeshwa kwenye picha, kaelezwa vizuri, bado anatafuta wa kumwambia "ni gesi tu". Hayo si ninayotetea. Jino likiwa limekufa kweli na haliokoleki, ling'olewe, tena mapema. Ninachokataa ni kung'oa kwa kubahatisha.

KABLA HUJAPANUA MDOMO

Haya, ya kufanya ni haya, na wala hayahitaji hela.

Andika maumivu yako siku tatu au nne. Yanaanza saa ngapi? Yanadumu sekunde, dakika au saa? Yanaletwa na nini: baridi, moto, sukari, kuuma, kuinama, upepo? Yanakuamsha usiku? Baridi inayochoma ikaondoka palepale ni habari tofauti na maumivu ya moto yanayobaki nusu saa. Daktari mzuri atazipenda hizo karatasi kuliko hela yako.

Uliza maswali manne kwa heshima, kwa sauti ya kawaida: Daktari, ni jino lipi hasa? Umejuaje kuwa ni hilo? Tusipoling'oa leo kitatokea nini? Kuna njia ya kuliokoa, kuziba au kusafisha mzizi? Ukijibiwa manne yote ukaelewa, pengine huna haja ya daktari wa pili. Ukijibiwa "wewe unataka upone au unataka maneno?", shuka kwenye kiti taratibu, chukua viatu vyako.

Omba picha na karatasi zako. Ukienda kwa wa pili, muonyeshe, na mwambie vidonge ulivyokunywa. Na kumbuka wa pili si lazima awe wa meno. Anaweza kuwa wa pua na masikio, wa neva au wa moyo, kutegemea daftari lako linasema nini.

Acheni pia kumeza amoksilini na flajili kama karanga kila jino likigusa. Dawa hizo zinapigana na vijidudu, hazitibu ufa, hazitibu neva, hazitibu kusaga meno. Mnazoesha vijidudu dawa, siku mna jipu la kweli dawa hazisikii. Na anayeweka ugoro au maji ya betri kwenye tundu la jino, jamani, maji ya betri! Yanaunguza fizi na shavu, halafu daktari anakuwa na magonjwa mawili ya kutibu.

Tahadhari moja kubwa. Kuna wakati wa kutafuta maoni, na kuna wakati wa kukimbia. Uvimbe ukishuka chini ya kidevu au shingoni, au ukipanda karibu na jicho, mdomo ukishindwa kufunguka, kumeza mate kukawa kazi, pumzi ikabana, au homa ikapanda pamoja na uvimbe, usiulize mtu wa pili wala wa tatu. Nenda hospitali iliyo karibu, usiku huohuo, hata kwa bodaboda. Jino linaua. Usaha ukishuka shingoni unaziba njia ya hewa.

LA MWISHO KWA MASTAA WETU

Nyie mna sauti kuliko kampeni yoyote ya afya. Mkivaa kiatu, wiki ijayo kimejaa Kariakoo. Mkisema neno, mtoto wa kidato cha pili Nduguti analitumia kesho yake kumjibu mama yake. Siwaombi mwe madaktari. Nawaomba kitu kidogo tu: siku mfuasi akikuandikia kuhusu jino lisiloeleweka, mjibu ulivyojifanyia mwenyewe. Mwambie "mimi niliuliza watatu". Ukweli huo mmoja ungeokoa magego mengi kuliko karafuu zote za Pemba.

Na wewe unayesoma hii umeshika shavu, kesho una miadi ya kung'oa na hujui kwa nini, una usiku mzima wa kuandika yale maswali manne. Kama ni mama yako, shangazi au babu aliyeko kijijini ndiye anayekwenda, mpigie leo. Wazee wetu hawapendi kumuuliza daktari, wanaona aibu. Basi uliza wewe kwa niaba yake. Mwambie akupe daktari kwenye simu, salimia vizuri, shikamoo iwe ya kwanza, kisha uliza: ni lipi, na umejuaje?

Huko chini tuambieni: nani kang'olewa jino na maumivu yakabaki? Msitaje hospitali wala daktari, hatuko hapa kuchafuana. Tajeni tu mlikuja kuambiwa ni nini na daktari wa pili. Kuna mtu anasoma saa hii akiwa na dalili kama zako, na kesho asubuhi ndo zamu yake kwenye kile kiti.